Jirani wa Meza ya Corinne

Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kuchapa cha benki ya Tilden Brock, ghorofa ya nne, mjini New York. Si benki ya kwenda kuweka mshahara wako. Ile ni benki ya uwekezaji. Kampuni ikitaka kununua kampuni nyingine, au ikitaka kuuzwa, inakwenda kwa mabwana na mabibi wa ghorofa ya thelathini na moja, wanaipigia hesabu, wanaitafutia bei, na wanachukua chao. Hesabu zikishakamilika zinateremshwa kwangu nizichape na kuzijalidi ziwe kitabu. Kwa hiyo vijana wote waliowahi kuanza kazi pale wamepita mbele ya kaunta yangu. Wanakuja kila Julai na suti mpya, viatu vinawauma, na ikifika Krismasi nusu yao hawakumbuki mara ya mwisho waliyompigia mama simu.

Corinne Vlasak alikuja Julai ya mwaka 2013. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mkimya, ametoka Cedar Rapids kule Iowa. Baba yake alikuwa fundi katika kinu cha nafaka. Yeye alisomea uhasibu chuo cha jimbo, wakati wenzake kumi na mmoja walioajiriwa pamoja naye walitoka katika vile vyuo ambavyo ukivitaja tu unavutiwa kiti. Alipokuja kuchukua kitabu chake cha kwanza hakuondoka. Alisimama pale kaunta akikipekua.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Kurasa. Nahakikisha zote zipo."

"Miaka yote hii sijawahi kumlia mtu ukurasa, binti."

Hakucheka. Alihesabu mpaka wa mwisho, ndipo akasema ahsante.

Baadaye tulizoeana, na akaniambia kinachomsumbua. Alikuwa anaamini kwamba walimchukua kwa makosa, na kwamba kuna mtu mahali fulani ameshaligundua kosa hilo na anangoja tu siku nzuri ya kulirekebisha. Kila kitu alikitilia shaka. Pale benki, ukivuka saa mbili jioni ukiwa kazini, chakula analipa mwajiri na gari la kukurudisha nyumbani analipa yeye.

"Kwa nini watulishe bure?" aliniuliza.

"Ili msitoke."

Akafikiri kidogo, akasema, "Hilo naweza kuliamini."

Meza yake ilipakana na ya kijana mmoja aitwaye Anselm Whitcombe. Huyu alikuwa mtoto wa mawakili wa Connecticut, mwenye nywele za kuangukia usoni na tabia ya kumfungulia kila mtu mlango. Kila asubuhi alimletea Corinne begeli, ule mkate wa mviringo wenye tundu, na samaki wa samoni ndani, na alikataa kulipwa. Alimfundisha mambo ambayo hayaandikwi popote: bosi gani hasalimiwi kabla hajanywa kahawa, nani anataka namba zake ziandikwe upande wa kulia, namna ya kunyamaza mkutanini bila kuonekana hujui kitu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kwa jirani wa namna hiyo. Corinne alikosa raha.

"Mama Vernetta, huyu anataka nini kwangu?"

"Labda amekupenda."

"Ana mchumba. Nimeona picha."

"Basi labda ni mtu mwema."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa lifti zetu zinaendeshwa na punda. "Humu ndani?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza. Mwezi wa Septemba Anselm aliteremka kwangu peke yake, akaniulizia hali ya goti langu, kisha akaomba nimpe kurasa zilizoharibika. Kanuni ilikuwa wazi. Ukurasa wowote wenye kosa unaingia kwenye pipa lenye kufuli, na Ijumaa unachanwa kwa mashine. Nilimwambia hivyo. Akasema anazitaka za kusoma tu, kisha atazirudisha. Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Pengine kwa sababu katika vijana wote wale ni yeye tu aliyejua kwamba nina goti. Alirudi mara ya pili na ya tatu, na kila alipoondoka na bahasha yake kwapani nilibaki nikijiuliza, kurasa mbovu ana kazi nazo gani?

Oktoba ukaingia mradi waliouita Bundi. Miradi yote hupewa jina la uongo, ili hata ukisikika kwenye lifti mtu asijue unazungumzia nini. Ukweli wa Bundi ni kwamba kampuni kubwa ya nafaka ya Minnesota ilitaka kuwanunua watengenezaji wa biskuti za Pruett wa Ohio, zile wanazotiliwa watoto mkobani wakienda shule. Waliojua pale benki walikuwa watu wanane, na mimi niliyechapa. Gretchen Dalrymple, bosi wa kundi lao, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia neno, alimpa Corinne kazi ya kujenga hesabu nzima. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu wa miezi mitatu. Corinne aliipokea kama mtu anayekabidhiwa mtego.

Asubuhi moja, saa moja haijafika, aliingia ofisini akamkuta Anselm amesimama mezani pake. Meza ya Corinne, si yake. Alikuwa ameinama, ameuvuta ukurasa wa hesabu za Bundi kutoka chini ya daftari alipouacha Corinne, na simu yake ameishika juu ya ukurasa ule. Aliposikia hatua alinyooka, akaitia simu mfukoni.

"Nilikuwa naangalia saa," alisema.

"Saa iko ukutani."

"Ndiyo," Anselm akasema. "Iko." Kisha akamnyooshea begeli yake kama kila siku.

Corinne aliipokea, akaenda nayo msalani, akaitupa.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alifungia karatasi zake kwenye droo. Aligeuza kiti ili mgongo wake uzibe kioo cha kompyuta. Aliweka kalamu juu ya daftari, ncha ikielekea dirishani, akaenda kula, na aliporudi akakuta ncha inaelekea mlangoni. Inawezekana alikuwa mfagizi. Alinieleza habari ya kalamu ile kwa dakika kumi nzima. Ya simu hakunieleza, na mimi ya bahasha sikumweleza.

Siku ya kumi na moja, hisa za Pruett zikapanda ghafla. Zilipanda kwa moja ya tano ya bei yake kabla ya saa nane mchana, na kesho yake gazeti moja likaandika kwamba mnunuzi wa biskuti amepatikana. Tangazo rasmi la ununuzi lilikuwa bado siku tatu. Mtu alikuwa ametoboa siri, na mtu alikuwa amenunua hisa kwa siri hiyo, na hilo ni jambo la jela.

Asubuhi iliyofuata alipanda ghorofa ya thelathini na moja mwanasheria wa benki aliyesimamia kanuni, Bwana Rourke, na wasaidizi wawili. Walichukua chumba kidogo cha mikutano chenye kuta za vioo, wakateremsha mapazia, wakaanza kuita watu mmoja mmoja. Sijawahi kuona jengo likinyamaza vile. Watu waliacha kwenda kula pamoja. Kwenye lifti kila mtu alitazama viatu vyake. Ukimaliza kuhojiwa ukatoka haraka, walisema umekiri. Ukikawia, walisema umemtaja mtu.

Mimi niliitwa siku ya pili. Rourke alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, na upole wake ndio ulionitisha.

"Bi Oakes, kuna karatasi yoyote ya mradi huu iliyotoka chumbani kwako nje ya utaratibu?"

Ilikuwepo. Bahasha ya mwisho niliyompa Anselm ilikuwa na kurasa mbili za Bundi. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne kufikia pensheni. Nilishaamini moyoni kwamba mwizi ni yule kijana, na kwamba nikifungua mdomo tutazama wote wawili.

"Hapana," nikasema.

Corinne aliitwa Alhamisi. Walianza na yeye mwenyewe. Walijua jina la mjomba wake.

"Mjomba wako Leonard ananunua hisa?"

"Ana hisa mia moja za kampuni ya matrekta. Alizinunua mimi sijazaliwa."

"Unazungumza naye mara ngapi?"

"Siku ya kuzaliwa kwake."

Rourke akainama, akaandika mistari kadhaa. Corinne aliniambia baadaye kwamba kalamu ile ilipokuwa ikienda aliona mambo yote yamejipanga: yeye ndiye mgeni, yeye ndiye aliyejenga hesabu, yeye ndiye asiye na baba wakili. Sasa ndiyo kwanza alielewa kwa nini walimwajiri. Walihitaji mtu wa kumtupia lawama. Ndivyo alivyofikiri, na hata leo anaona haya kulisema.

"Umeona jambo lolote lisilo la kawaida hapo mnapokaa?" Rourke akauliza.

Akasema. Alieleza habari ya asubuhi ile, simu, ukurasa, na saa ya ukutani. Alisema yote kwa utaratibu, kama anasoma jedwali. Hakuongeza kitu, lakini hakupunguza pia.

Kabla ya adhuhuri walinzi wawili walikuja na boksi tupu. Anselm alitia humo kikombe chake na koti la mvua. Simu walikuwa wameshaichukua. Alipopita mezani kwa Corinne alisimama.

"Corinne, unajua hii inahusu nini?"

"Sijui," Corinne akasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na walinzi wake, na pale kwenye lifti, kwa mazoea, akawashikia mlango.

Wiki ile Dalrymple alimwita Corinne ofisini. "Una macho, Vlasak," alimwambia. "Tunapenda watu wenye macho." Akampa mradi mkubwa kuliko Bundi. Lakini maneno hayakai ghorofa moja. Wenzake walijua nani amesema, na wakajua haraka. Akikaribia, mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Mmoja wao, msichana aitwaye Philippa, alikuwa akigeuza karatasi zake kifudifudi kila Corinne alipopita. Meza ya jirani ilibaki tupu mpaka Januari. Asubuhi alianza kujinunulia begeli mwenyewe, na aliila hapa kwangu, akiwa amekaa juu ya boksi la karatasi.

Machi serikali ikamkamata mwizi mwenyewe. Alikuwa daktari wa meno wa kule Minnesota, shemeji wa mkurugenzi mmoja wa ile kampuni ya nafaka. Alisikia habari kwenye chakula cha Jumapili, akaenda kununua hisa za Pruett kwa majina matatu, moja likiwa la mama mkwe wake. Benki yetu haikuhusika hata kidogo. Uongozi ulitutumia barua ya mistari miwili kusema hivyo. Habari ya Anselm haikuwamo. Katika simu yake walikuta picha kumi na moja, zote za kurasa za hesabu, na kutoa kurasa nje kwa simu ni kosa la kufukuzwa hata kama hukumwonyesha mtu.

Corinne alishuka na barua ile mkononi.

"Kama si yeye aliyevujisha, zile picha zilikuwa za nini?"

Nilizima mashine. Nikamweleza habari za bahasha, zote tatu, na kurasa mbili za Bundi.

"Rourke ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile ile iliyokufanya wewe umwambie ya kwako."

Halafu akaichukua barua yake, akatoka, na sikumwona kwangu siku nane. Vitabu vyake alimtuma Philippa kuvichukua, ambaye alivipokea bila kuhesabu kurasa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Alivuka mto kwenda Hoboken, ambako alisikia Anselm anafanya kazi duka la baiskeli. Alimkuta ana aproni, mikono imejaa grisi, anapandisha mnyororo. Aliyonieleza ndiyo haya.

"Ungeniuliza," Anselm alisema kabla hata hajasalimiwa.

"Nilikuuliza. Ulisema unaangalia saa."

"Ndiyo. Nilidanganya." Akajifuta mikono. "Ningekuambiaje? Nakuletea mkate kila asubuhi, nakufundisha namna ya kumsalimia Dalrymple, halafu nikuambie sijui hesabu?"

Alikuwa amesomea historia ya sanaa. Kazi alitafutiwa na baba yake mdogo, aliyekuwa akicheza tenisi na mmoja wa wakubwa. Wiki ya pili tu alishagundua kwamba haelewi kinachofanyika pale, na kwamba msichana wa Iowa anayekaa kando yake anaelewa kila kitu. Basi akawa anachukua kurasa za Corinne, nzuri na mbovu, anakwenda nazo nyumbani kujifunza. Zile mbovu zilimfaa zaidi, kwa sababu zilikuwa zimezungushiwa makosa kwa kalamu nyekundu.

"Begeli ilikuwa kwa ajili hiyo?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilishazoea kununua mbili."

Corinne hakuridhika. Alikuwa amevuka mto ili amwamini, na alipofika akajikuta anatafuta ufa katika maneno yake. Anselm aliliona hilo. Aliingia nyuma ya duka, akarudi na daftari la jalada gumu, akalitupa juu ya kiti cha baiskeli. Ndani mlikuwa na hesabu za Corinne, ukurasa baada ya ukurasa, zimerudiwa kwa mkono, zimefutwa, zimerudiwa tena, nyingine bado zina makosa. Corinne huandika saba yenye mstari katikati, kama alivyofundishwa na babu yake Mcheki. Kila saba ya daftari lile ilikuwa na mstari katikati.

Alilifunga. Akamwambia atakwenda kwa Rourke Jumatatu kueleza.

"Usiende," Anselm akasema.

"Kwa nini?"

"Sasa hivi wananiona mwizi. Mwizi angalau anahesabiwa mwerevu. Ukieleza, watajua mimi ni mjinga tu."

"Hujaajiriwa popote kwa sababu yangu."

"Nimeajiriwa hapa," akasema, akarudi kwenye mnyororo wake. Hakumwambia karibu tena, wala hakumwambia asirudi.

Corinne aliandika barua hata hivyo. Aliiteremsha kwangu, akaiweka juu ya kaunta pamoja na kalamu. Ilieleza mambo ya picha na ya daftari, na kulikuwa na aya moja iliyohusu chumba cha kuchapa, ambayo bila sahihi yangu haikuwa na maana yoyote.

"Sikulazimishi, mama," alisema.

Nilikaa na barua ile wiki mbili. Ningependa kusema niliitia sahihi siku hiyohiyo, lakini hapana. Nilikwenda kwanza ofisi ya utumishi nikaulizia, kwa kuzungukazunguka, mtu akipewa onyo kali pensheni yake inakuwaje. Nilimshuku hata Corinne, kwamba pengine anataka nami niwe na doa ili tuwe sawa. Mwishowe nilitia sahihi asubuhi moja ya Jumanne, nikaipeleka mwenyewe kabla sijabadili mawazo. Rourke aliisoma mara mbili. Nilipata onyo la maandishi, nikaondolewa kwenye kazi za siri, na miezi yangu ya mwisho niliimalizia nikichapa kadi za majina na orodha za vyakula vya sherehe. Pensheni haikuguswa. Katika faili la Anselm waliongeza sentensi moja, kwamba alivunja kanuni lakini hakuhusika na kuvuja kwa siri. Sentensi hiyo ilitosha. Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye nyumba ya mnada wa picha za kale, na nasikia huko ndiko kwake, anaijua kila brashi imepita wapi.

Corinne hakuondoka Tilden Brock. Watu hudhani aliondoka, kwa sababu hadithi za namna hii hupenda kumrudisha mtu kwao. Yeye aliipenda kazi. Alipenda kuikuta kampuni imefungwa kama fundo na kuifungua namba kwa namba. Leo ndiye anayekaa katika ofisi ya Dalrymple, na vijana wanamwogopa kidogo. Wanasema ana tabia ya kuwauliza maswali uso kwa uso, mbele ya mlango ulio wazi, maswali ambayo bosi mwingine angemtuma mtu akayachunguze. Wapo wanaolipenda hilo. Wapo wanaosema ni mtego.

Huja kunitembelea nyumbani kwangu Flatbush mara moja kwa miezi kadhaa. Huniletea kolachi, vile vitumbua vya kuokwa vyenye jamu ya plamu ambavyo mama yake bado anamtumia kwa posta, na vikifika vimeshakauka. Majira ya kuchipua yaliyopita tulikaa ngazini kwangu tukila, na nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza miaka yote hiyo.

"Anselm unamwamini?"

"Daftari naliamini," alisema.

"Na yeye?"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Yeye pia," akasema. "Siku nyingi, si zote."